Nane na Saba: Kumchagulia Mtoto Mtaala wa Hesabu Nyumbani

Mtoto wa miaka sita akiulizwa nane kujumlisha saba ni ngapi, ana njia nyingi za kufika kumi na tano. Mmoja ataanza moja, mbili, tatu kwa vidole, na vidole vikimwishia atashika vya mama yake. Wa pili ataiweka nane kichwani kisha asonge mbele: tisa, kumi, kumi na moja. Wa tatu ataivunja saba, atoe mbili aipe nane iwe kumi, aone zimebaki tano. Wa nne atajibu papo hapo kwa kuwa amekariri. Kwenye daftari wote wamepata. Aliyekaa nao mezani, hata hivyo, anajua kwamba hawako mahali pamoja, na kwamba yule wa tatu ndiye aliye tayari kukutana na 48 kujumlisha 37.

Mtoto akisoma shuleni, mzazi hana sauti juu ya njia ipi kati ya hizo afundishwe. Akisomea nyumbani, mzazi ndiye anayeichagua, na huichagua siku ile anaponunua kitabu, mara nyingi bila kujua kwamba amechagua. Huangalia jina, bei, picha za jalada na sifa alizosikia kwa jirani. Anachopaswa kufungua kwanza ni ukurasa ambao mtoto anafundishwa kuvuka kumi kwa mara ya kwanza. Ukurasa huo mmoja unaonyesha jinsi mwandishi anavyoamini kwamba mtoto hujifunza.

Marekani ndiyo nchi ambako uamuzi huu umeingia katika nyumba nyingi. Wakati wa janga la korona, Ofisi ya Sensa ya nchi hiyo iliuliza kaya zenye watoto wa umri wa shule kama zinawasomesha zenyewe. Mwishoni mwa Aprili 2020 zilizojibu ndiyo zilikuwa asilimia 5.4, mwanzoni mwa Oktoba zilikuwa zimefika asilimia 11.1. Katika kaya za Wamarekani weusi idadi iliruka kutoka asilimia 3.3 hadi 16.1. Nchi hiyo ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, zilizotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, na baadhi hujikuta mbele ya rafu hizo hizo za vitabu. Majimbo yote 50 yanaruhusu kusomesha nyumbani, ila masharti hayafanani kabisa. Texas haimdai mzazi hata barua ya taarifa, mradi hisabati iwemo katika masomo. New York inataka mpango wa mwaka, ripoti kila robo na tathmini mwisho wa mwaka. Ujerumani kwa upande wake inamtaka mtoto ahudhurie shule. Kenya na Tanzania nazo zina sheria zinazomdai mzazi amwandikishe mtoto shule, kwa hiyo aliye huko anapaswa kuanzia ofisi ya elimu ya eneo lake. Lakini vitabu vyenyewe havibagui: vinamfaa pia mzazi ambaye mtoto wake yuko darasani asubuhi na anahitaji msaada jioni.

Saxon ni jina ambalo karibu kila mzazi hulisikia mapema. John Saxon alikuwa rubani wa Jeshi la Anga la Marekani. Alipostaafu akaenda kufundisha aljebra katika chuo kimoja cha Oklahoma, na kilichomsumbua ni kwamba wanafunzi walielewa mada Jumatatu wakaisahau baada ya mtihani. Aliandika kitabu chake mwenyewe, na mwaka 1981 akaanzisha kampuni ya kukichapisha. Dawa yake ilikuwa kuigawa kila mada vipande vidogo na kuirudia kwa miezi. Mazoezi ya leo yana mambo machache mapya, na mengi ya zamani yaliyochanganywa ili yasisahaulike. Vitabu vya watoto wadogo, vilivyoandikwa na Nancy Larson, vina jambo moja zaidi: mzazi ameandikiwa hata maneno ya kusema. Kila siku huanza na kikao kifupi cha kalenda, saa na kuhesabu kwa sauti, kisha linafuata somo, kisha karatasi ya mazoezi.

Katika Saxon, nane na saba hufikiwa kupitia pacha. Mtoto ameshajua kwamba saba na saba ni kumi na nne, basi nane na saba ni pacha hao na moja juu yao. Njia hii ni safi na ya haraka, na wako watoto wanaopenda mwendo huu wa kila siku usiobadilika. Wako pia ambao humwaga machozi mbele ya karatasi ya mazoezi wanayoyajua tayari. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo ana haki ya kukata mazoezi nusu. Asichopaswa kukata ni yale ya kurudia, kwa sababu ndiyo moyo wa mtaala wenyewe.

Jina jingine analolisikia mzazi ni Singapore, nchi iliyotoka mbali kuliko wengi wanavyokumbuka. Ilipojitawala mwaka 1965 ilikuwa kisiwa kidogo kisicho na maliasili, na matokeo ya hesabu ya watoto wake hayakuridhisha. Mwaka 1980 serikali iliunda taasisi ya kutengeneza mitaala, na mwaka 1982 vikatoka vitabu vya kwanza vya Primary Mathematics. Waandishi walijenga juu ya wazo la mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner: mtoto ashike kitu kwanza, kisha akione katika picha, na alama za tarakimu zije mwisho. Timu iliyoongozwa na Kho Tek Hong iliongeza mchoro wa mistatili, ambao mtoto huutumia kuchora hesabu za mafumbo kabla ya kuzikokotoa. Katika mtihani wa kimataifa wa TIMSS wa mwaka 1995, Singapore iliongoza dunia katika hisabati. Miaka mitatu baadaye vitabu vyake vikaanza kuuzwa Marekani, na familia zinazosomesha nyumbani zikawa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo.

Ndani ya kitabu cha darasa la kwanza, mtoto hutumia majuma mengi akivunja namba ndogo. Saba ni tano na mbili, ni sita na moja, ni nne na tatu. Mzazi asiyejua lengo huona kazi hii ni ya kitoto mno na hutamani kuruka mbele. Ndipo nane na saba inapofika, na mtoto anayejua kwamba saba ina mbili na tano ndani yake huihamisha ile mbili, na kumi inajaa. Hakupewa kanuni, ameiona. Mwaka unaofuata, 48 na 37 hutatuliwa kwa mwendo ule ule: 48 inaomba mbili iwe 50, zinabaki 35, jibu ni 85.

Gharama ya Singapore ni kwamba vitabu vya mwanafunzi vina maneno machache. Picha zinasema mengi kwa mwalimu aliyefunzwa, lakini mzazi anayenunua kitabu cha mtoto peke yake akaacha kiongozi cha mwalimu huona kurasa nzuri zisizoeleza lolote. Hapo ndipo wengi huanguka, kisha huulaumu mtaala. Kiongozi cha mwalimu hapa si anasa. Tena matoleo ya Kimarekani yako kadhaa na hayalingani somo kwa somo, hivyo ni vema kushika toleo moja tangu mwanzo.

Math-U-See ya Steve Demme inakwenda kinyume kabisa na Saxon. Haizunguki, inashika jambo moja mwaka mzima. Vitabu vyake vimepewa majina ya herufi za Kigiriki: Alpha ni kujumlisha na kutoa, Beta ni mambo hayo hayo kwa namba kubwa, Gamma ni kuzidisha, Delta ni kugawanya, na sehemu hazifiki mpaka Epsilon. Kila somo lina video ya mwalimu, na mtoto hujenga namba kwa matofali ya rangi. Mtoto anayechanganyikiwa anapoletewa mambo matatu kwa siku moja hupumua hapa. Udhaifu wake uko kwenye kalenda: mtoto wa miaka minane aliye Gamma anaweza kuwa hodari wa kuzidisha na wakati huo huo asijue kugawanya, jambo linalomuumbua siku anapofanya mtihani wa jimbo au anaporudi shuleni.

RightStart, kazi ya Joan Cotter, inamgusa mzungumzaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Cotter alitazama watoto wa Asia Mashariki, ambao lugha zao huitaja 11 kama kumi-moja na 23 kama makumi mawili-tatu, akawataka watoto wa Kimarekani wahesabu hivyo kwa miezi kadhaa kabla ya kurudi kwenye majina ya Kiingereza. Mtoto anayehesabu kwa Kiswahili amekwishapata nusu ya faida hiyo bila malipo: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu zinajieleza zenyewe. Kikwazo chake huja kwenye ishirini, thelathini na arobaini, majina yaliyotoka Kiarabu ambayo hayaonyeshi makumi ni mangapi. Mzazi anaweza kuyaita makumi mawili, makumi matatu kwa muda, kama walimu wengi wa Tanzania wanavyofanya wanapofundisha makumi na mamoja. Kwa familia iliyoko ng'ambo hii ni sababu nzuri ya kuhesabu kwa lugha ya nyumbani hata kama kitabu ni cha Kiingereza.

Chombo kikuu cha RightStart ni abakasi yenye shanga zilizogawanywa kwa rangi tano tano, ili jicho litambue wingi bila kuhesabu mojamoja. Nane inaonekana kama tano na tatu, saba kama tano na mbili. Tano mbili zinatengeneza kumi, tatu na mbili zinatengeneza tano nyingine. Mazoezi ya karatasi ni machache, na mahali pake pamejaa michezo ya karata. Mtaala huu unadai mzazi akae na mtoto somo zima. Mwenye watoto wanne na kazi ya zamu ahesabu saa zake kabla ya kuununua.

Kwa aliye tayari kuthubutu upo Miquon, vitabu sita vyembamba vilivyozaliwa katika shule ya jina hilo huko Pennsylvania kutokana na kazi ya Lore Rasmussen. Vinategemea vijiti vya Georges Cuisenaire, mwalimu wa Ubelgiji aliyechapisha kitabu kuhusu vijiti hivyo mwaka 1952: cheupe cha sentimita moja, chekundu cha mbili, hadi cha rangi ya chungwa cha kumi. Mtoto huunganisha cha nane na cha saba, kisha hutafuta vijiti vinavyolingana navyo kwa urefu, na hugundua mwenyewe kwamba ni cha kumi na cha tano. Kuzidisha na sehemu huingia mapema, kwa sababu vijiti havijui kwamba mada hizo ni za wakubwa. Ukurasa hauna maelekezo, kwa hiyo mzazi lazima asome kitabu cha maelezo usiku uliotangulia. Vijiti vyenyewe si lazima vinunuliwe. Vipande vya boksi gumu vilivyopimwa kwa rula na kupakwa rangi vinafanya kazi ile ile.

Sasa mzazi atauliza ipi kati ya hizi imethibitishwa. Wizara ya Elimu ya Marekani iligharamia utafiti mkubwa uliolinganisha mitaala minne ya madarasa ya kwanza na ya pili, Saxon ikiwamo, katika shule 110 zilizopewa mtaala kwa kura. Ripoti ya mwaka 2010 ilionyesha tofauti za kweli lakini ndogo. Saxon na mwenzake Math Expressions, ambazo hazifanani kabisa kwa mtindo, zilifanya vizuri kuliko kitabu cha kawaida cha soko katika darasa la pili. Kuna jambo katika ripoti hiyo linalostahili uzito zaidi ya ushindi wowote: walimu waliotumia Saxon walifundisha hesabu kama saa moja zaidi kwa wiki kuliko wenzao. Mtaala unaoifanya familia ikae mezani kila siku una faida ambayo mtaala bora unaobaki rafuni hauwezi kuipata.

Kipo kipimo kingine ambacho hakiandikwi kwenye jalada, nacho ni moyo wa anayefundisha. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwafuatilia watoto wa darasa la kwanza na la pili pamoja na wazazi wao. Watoto wa wazazi wanaoogopa hesabu walijifunza machache kuliko wenzao mwaka huo, na wao pia wakaanza kuiogopa, lakini tu pale wazazi hao walipowasaidia kazi za nyumbani mara kwa mara. Mwaka huo huo timu hiyo ilichapisha utafiti wa pili wenye habari njema. Familia zilipopewa programu ya hadithi fupi zenye maswali ya hesabu, za kusoma pamoja, watoto waliendelea vizuri zaidi, na faida ilionekana hasa kwa wale ambao wazazi wao ni waoga. Kilichobadilika ni kwamba mzazi alipewa la kusema. Kwa hiyo mtu aliyechapwa viboko kwa sababu ya jedwali la kuzidisha, na wako wengi miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili, atafute mtaala unaomwandikia maneno, kama Saxon au RightStart, badala ya Miquon inayomwachia uwanja wazi. Hakuna aibu yoyote katika kusoma somo kutoka kitabuni.

Wapo wanaosema mtoto mdogo asiguswe na kitabu cha hesabu kabisa, na humtaja Louis Benezet. Msimamizi huyu wa shule za Manchester, New Hampshire, aliondoa hesabu rasmi katika baadhi ya madarasa ya chini kuanzia mwaka 1929, akachagua kwa makusudi shule za watoto wa wahamiaji. Badala ya kukokotoa, walizungumza, walikadiria urefu na uzito, walisoma saa na kusimulia. Aliripoti kwamba walipoanza hesabu katika darasa la sita waliwafikia wenzao ndani ya mwaka. Jaribio lake halikupangwa kwa ukali unaotakiwa leo, na kulichukua kama ruhusa ya kukaa bure ni kulisoma vibaya: watoto wale walizungukwa na kupima na kukadiria kila siku. Funzo linalomfaa mzazi wa mtoto wa miaka mitano ni dogo zaidi, kwamba karatasi inaweza kungoja.

Michezo haiwezi kungoja. Robert Siegler na Geetha Ramani waliwachezesha watoto wa familia maskini, wasioanza shule bado, ubao wenye namba 1 hadi 10 zilizopangwa kwa mstari, kwa jumla ya kama saa moja iliyogawanywa katika majuma mawili. Uelewa wao wa namba ulipanda waziwazi, ilhali waliocheza ubao wa rangi bila namba hawakusogea. Pwani ya Afrika Mashariki ina mchezo mzito kuliko huo: bao, lenye mashimo 32 na kete 64. Mtoto anayekadiria kete za shimoni zitaishia wapi kabla ya kuzishika anafanya hesabu ya kweli, na babu anayemfundisha hahitaji kiongozi cha mwalimu.

Pesa nazo zina sauti. Seti kamili ya Math-U-See au RightStart ni mzigo, na nje ya Marekani usafirishaji unaweza kuzidi bei ya vitabu. Aliyeko Nairobi au Muscat akumbuke pia kwamba vitabu vya Kimarekani humfundisha mtoto inchi, pauni na senti, hivyo masomo ya vipimo itabidi ayaandike upya kwa mita, kilo na shilingi au riali. Njia ya bure ipo na ni nzuri kuliko umaarufu wake. Kituo kimoja huko Uingereza, kikiongozwa na David Burghes, kilitengeneza mtaala wa MEP kwa kufuata ufundishaji wa Hungaria, na vitabu vyake vya mazoezi na mipango ya masomo vinapakuliwa mtandaoni bila malipo. Vinatumia mfumo wa mita, na maswali yake humfanya mtoto afikiri kuliko wingi wa vitabu vya kulipia. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada, vya Kiswahili kwa shule za msingi, katika maktaba yake ya mtandaoni. Ubongo Kids, katuni iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2014, inaimba hesabu kwa Kiswahili. Haitoshi kuwa mtaala, lakini inaweza kumfungulia mtoto mada kabla kitabu hakijafika hapo.

Kabla ya kulipa chochote, mzazi afanye jaribio la kupima kiwango. Wachapishaji wengi huliweka bure kwenye tovuti zao, na mtoto apimwe kwa jaribio la mchapishaji yule yule wa kitabu kinachokusudiwa, kwa kuwa "kiwango cha pili" cha huyu kinaweza kuwa cha tatu kwa mwingine. Mtoto asipewe kitabu kwa umri wake. Na jibu sahihi lisimridhishe anayepima. Amwombe mtoto aonyeshe kwa maharage au vizibo vya soda jinsi alivyolipata. Anayeandika 15 lakini hawezi kutenga kumi na tano na kuonyesha ile kumi iko wapi, aanze kitabu cha chini, hata akilalamika kwamba ni rahisi.

Mtaala ukishaanza, upewe angalau muhula mmoja kabla ya kuhukumiwa. Majuma ya kwanza ni magumu kwa kila mtaala, na familia zinazobadili kitabu kila miezi mitatu humwachia mtoto mashimo ambayo hakuna kitabu kinachoyajua. Ikibidi kuhama kweli, kuhama kwa salama ni pale mwaka wa kitabu unapokwisha, na orodha ya mada za vitabu viwili ikiwa imelazwa mezani kando kwa kando. Anayemtoa mtoto Gamma na kumpeleka Singapore ya darasa la tatu, kwa mfano, atakuta kugawanya na sehemu zinategemewa na bado hazijaguswa. Atenge majuma kadhaa ya vijiti, vikombe vya kupimia na chapati za kukata robo kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza wa kitabu kipya.